Keki za kwenye chupa kwa ajili ya Idi

Shosti, kuoka keki kwenye chupa za jemu sina neno, ila hiyo ya kuzifunga zikiwa za moto mfuniko ujinyonye halafu zikae kabatini miezi 2 mpaka Idi ndo uwapelekee mawifi, hapana jamani. Keki ina unyevu na haina asidi, ukiifunga hivyo hewa inaisha ndani na hapo ndo bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua) anapopapenda, mbegu zake hazifi maana katikati ya keki joto halifiki hata nyuzi 100, na sumu yake huioni wala hainuki. Marekani walikozipenda sana hizo keki wataalamu wao wa kuhifadhi vyakula wanazikataza. Tena chupa za jemu hazijatengenezwa kwa oveni, zinapasuka, nani atachambua vioo kwenye keki?

Fanya hivi, oka keki nyembamba kwenye trei siku moja kabla, ikipoa kata viduara kwa mdomo wa glasi, panga kwenye chupa keki, krimu, keki, krimu, weka friji, wale ndani ya siku 2 au 3.

Ukitaka ya kukaa, wape mchanganyiko mkavu: chupa ya lita 1, unga vikombe 2, sukari 1, kakao nusu, beking pauda vijiko vya chai 2 na chumvi kidogo. Kakao iweke katikati ya unga na sukari mistari ionekane (mawifi wanapenda kupiga picha), funga utepe na kakaratasi ka vya kuongeza wakati wa kuoka: mayai 2, maziwa kikombe 1, mafuta nusu. Chupa iwe kavu kabisa lakini.