Ua linaloruka bombani

SWALI: Mhariri shikamoo, nacheza gemu ya Super Mario World na kuna lile ua lenye meno linachomoka bombani, linaruka juu halafu linashuka polepole kama linaelea, kila nikilikanyaga nakufa mimi. Dawa yake nini?

JIBU: Marahaba. Kwanza acha kulikanyaga bwana, hilo halikanyagwi. Ni ndugu wa yale maua ya bombani yaliyoanza kwenye Super Mario Bros. ya 1985, ila yale ya zamani yanapanda na kushuka tu yalipo, hili la gemu ya 1990 linaruka kabisa kutoka nje na kuzungusha majani yake kama feni, ndo maana linachelewa kushuka. Watu wengi wanaingia mtegoni hapo, unaliona limepanda unadhani njia iko wazi unakimbia, kumbe lile linashuka taratibu na wewe unafika bombani nalo linatua kichwani.

Ukiwa umeokota lile ua la moto, lile linalokupa uwezo wa kurusha moto, mbona kazi rahisi, lipige moto tu likiwa hewani. Kama huna, sogea ukae karibu kabisa na bomba, ukiwa jirani halitoki, subiri kidogo upande juu ya bomba uvuke. Kusimama mbali mbali ukiogopa ndo kunaliita.

Halafu kuna aina nyingine inatema vimoto wakati inashuka, hiyo mi nasema usibishane nayo, vuka haraka kabla haijachomoka.