Tanga halizibwi kwa solusheni

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina mashua ya mita 6. Tanga kuu ni la poliesta, lina miaka saba. Lilichanika kama sentimita 40 karibu na ukingo wa nyuma, fundi mmoja wa mwaloni akalibandika kipande cha turubai kwa solusheni ya matairi. Wiki mbili hazikuisha kiraka kikabanduka, na sasa mpasuko unakaribia mita nzima. Ni gundi ipi yenye nguvu zaidi inayofaa? – Msomaji, Kalangala

JIBU: Hakuna, ndugu yangu. Ungeniletea tanga hilo kabla ya huyo mtu wa solusheni, ningekuwa na sentimita 40 za kushona. Sasa nina mita, na kwanza nikate kila alipopaka, maana sindano ikipita kwenye gundi ile inanata na uzi unakatika.

Turubai la buluu ni polithini, na polithini haishikani na gundi karibu yoyote. Tena haivutiki sawa na poliesta: upepo ukijaa, tanga linavuta huku, kiraka kinavuta kule, na mzigo wote unaangukia kwenye mpasuko. Wengine hupaka supagluu. Ikikauka inakuwa ngumu kama kigae, na kitambaa kinachokunjwa kila siku kinakatikia hapo hapo.

Kiraka ni kitambaa cha tanga, chenye uzito uleule, mtande wake (nyuzi za urefu) ukilala sambamba na mtande wa tanga. Kikikaa mshazari kinavutika na tanga linaota mfuko. Kivuke mpasuko kwa sentimita 5 kila upande, kikatwe kwa chuma cha moto ili kingo ziyeyuke zisifumuke, kisha kishonwe kwa safu mbili za zigizaga. Mshono ulionyooka hauna nafasi ya kuvutika. Kwako wewe kiraka kifike mpaka ukingoni na kukunjwa upande wa pili. Kwenye pembe, penye tabaka nyingi, cherehani ya nyumbani haifui dafu. Ni sindano ya mkono na ngozi ya kuvaa kiganjani, ya kuisukumia.

Uzi uwe wa poliesta. Si pamba, wala si ule wa nyavu. Najua mialoni uzi wa nyavu haukosekani na kuukata kwa meno ni kazi, lakini ni nailoni: unavutika kuliko poliesta, na jua linaula upesi.

Hayo yote huenda yasikufae kitu, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kila anayekuja kwangu anasema upepo umemchania tanga. Upepo! Poliesta nzima haichanwi na upepo wa kawaida wa mchana. Jua ndilo linaloua tanga. Upepo unazika tu. Wewe ukipanda kivuko kutoka Nakiwogo, Entebbe, kwenda Lutoboka huko kwenu Kalangala, unavuka ikweta njiani. Jua la hapo halina msimu wa kupumzika, na Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako jua huchoma zaidi. Uzi ndio unaotangulia, kwa sababu kitambaa cha tanga ni kigumu na mshono haudidimii ndani yake. Unabaki juu juu, ukichomwa na kusuguliwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, mishono yote irudiwe, hata pasipo na tundu. Kisha shika kitambaa kando ya mpasuko ukivute kidogo. Kikiendelea kuchanika kama gazeti, mimi silishoni, hata ukinilipa mara mbili. Kiraka kitabaki, tanga litaondoka.

Hawa mafundi wa kubandika kwa dakika kumi hawapo nawe ziwani. Dhoruba nyingi za ziwa hili huzuka usiku na alfajiri, na tanga likifunguka hapo mashua inapoteza mwendo. Isiyo na mwendo haisikii usukani. Inalaza ubavu kwa mawimbi. Nimewahi kuona mashua ikitoka na tanga la viraka vya gunia, abiria tisa ndani, jaketi la kuokolea hata moja hakuna, na mwenyewe anajisifu kwamba matengenezo yalikuwa ya bei rahisi. Tepu ya kunata ya matanga naikubali kwa kazi moja: kukufikisha nchi kavu. Ukifika, litue tanga, na usilitweke tena kabla halijashonwa.

Lioshe kwa maji ya ziwa na sabuni laini, likauke kivulini, uniletee bila kukata chochote. Na lile turubai usilitupe. Lifunike tanga kila unapofunga mashua, ukiacha upenyo wa hewa lisiote ukungu.