Kwa nini protoni zako zinajikokota

Dadangu wa Kisumu, umeuliza kwa nini uigaji wako wa kompyuta wa utando wa Nafion (plastiki inayopitisha protoni, hutumika kwenye seli za mafuta) unaonyesha protoni zikisambaa polepole kuliko vipimo vya maabara. Usifute kazi yako. Uigaji wa kawaida wa molekuli hauvunji wala kuunga vifungo, kwa hiyo kila protoni imenasa kwenye H₃O⁺ yake (molekuli ya maji iliyobeba protoni ya ziada) na lazima ibebwe safari nzima.

Katika maji halisi sivyo. Umewaona vijana wa mjengo wakipandisha karai la zege? Karai linafika juu upesi, na kila kijana amebaki palepale aliposimama. Protoni hupokezanwa hivyo kati ya molekuli za maji. Ndiyo njia ya Grotthuss. (Tofauti ni kwamba protoni inayofika si ileile iliyoondoka.) Kwenye maji matupu, nyuzi 25, protoni husambaa kwa takriban 9.3 × 10⁻⁹ m²/s, ilhali maji yenyewe ni 2.3 × 10⁻⁹ tu.

Jaribu MS-EVB, au ReaxFF, mbinu za uigaji zinazoruhusu vifungo kuvunjika na kuungwa. Hesabu za kikwanta zitalemea kompyuta yako.

Lakini kwanza, tafadhali, angalia λ, yaani idadi ya molekuli za maji kwa kila kundi la salfoneti (sehemu ya utando yenye chaji hasi). Nafion iliyoloweshwa majini hufika karibu 22, kwenye mvuke uliojaa karibu 14. Maji yakipungua sana, salfoneti huishikilia protoni na kupokezana hufifia. Ukiwa umeweka 5 halafu unalinganisha na utando uliolowa, hata mbinu bora haitakuokoa. Umeweka ngapi?