Pini za Olimpiki: igeuze kwanza, bei baadaye

Msomaji mmoja ametuma picha ya pini, yaani beji ndogo ya kubandika nguoni, ya Misha, yule dubu wa Moscow 1980, na swali fupi: "Ina miaka zaidi ya 40, niuze shilingi ngapi?" Jibu litamuudhi. Ni hela ya soda. Wasovieti walifyatua beji za Misha kwa wingi wa kutisha, nyingi za alumini nyepesi, na hadi leo zimejaa sokoni. Umri peke yake haupandishi bei. Uliza nani aliitoa pini, zilitoka ngapi, na nani anaitafuta sasa.

Ingekuwa pini ya timu ya Tanzania ya mwaka huohuo, tungeongea lugha nyingine. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha kutoka Moscow, lakini timu ndogo hubeba pini chache za kubadilishana. Mkusanyaji anayetaka kutimiza nchi zote za michezo fulani hakwami kwenye Marekani, anakwama kwetu. Kwa hiyo pini za kamati za Olimpiki za mataifa, zenye jina la nchi, mwaka na pete tano, ndizo hutafutwa zaidi. Nyingi za vyombo vya habari nazo zina wateja wake. Za wadhamini na za dukani huwa mkiani: za Los Angeles 1984 na Atlanta 1996 zilimwagwa hadi leo nyingi huenda kwa dola chache tu. Pini ya nchi isiyo na mwaka hushuka bei, maana haijulikani ni ya michezo ipi na inaweza kufyatuliwa tena wakati wowote.

Historia nayo ni kipimo. Kenya ilisusia Moscow 1980, kwa hiyo ukiletewa "Kenya Moscow 1980" uliza maswali mengi kabla ya kutoa pochi. Montreal 1976 ni tofauti kidogo. Nchi za Afrika zilijiondoa kwa sababu ya New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilizuru Afrika Kusini, na baadhi zilijiondoa wanariadha wakiwa wameshafika. Kwa hiyo pini ya nchi iliyosusia Montreal yaweza kuwa halali kabisa.

Sasa igeuze. Mgongo wa pini husema ukweli kuliko uso. Tafuta jina au alama ya kiwanda kwa lenzi ya kukuzia. Herufi zilizoyeyukiana ni dalili kwamba kalibu, yaani umbo la kufyatulia pini, limenakiliwa kutoka kwenye pini nyingine. Pitisha ncha ya kucha juu ya rangi. Ukihisi matuta ya chuma, ni enameli (rangi ya kujazwa kwenye chuma) laini. Ikiwa bapa, ni enameli ngumu: ama kioo kilichochomwa tanuruni, ama resini iliyosuguliwa. Ukiona tone nene linalong'aa kama plastiki, hiyo ni rangi au mchoro uliochapwa, ukafunikwa epoksi (plastiki ngumu ya kumiminwa), ambayo hugeuka njano kwa miaka. Hakuna aina iliyo bandia kwa asili yake. Tatizo ni pale toleo linalojulikana kuwa la kioo linapokujia na epoksi.

Kisha pete: juu ni buluu, nyeusi, nyekundu, chini njano na kijani, zote zimepitana kama mnyororo. Wanaoghushi hukosea mpitano huo mara nyingi ajabu. Angalia pia kingo za matundu ya ndani, kama zina makapi ya chuma, na kama rangi imefika pembeni. Pima kwa mizani ya sonara, linganisha na pini halali ya toleo hilohilo. Sumaku ikinasa, umejua tu kwamba huenda ndani kuna chuma. Usihukumu kwa hilo peke yake.

Kwenye bei watu hujidanganya. Bei aliyobandika muuzaji ni ndoto yake. Nenda eBay, soko la mtandaoni, chuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, kusanya mauzo matano au zaidi ya pini ileile yenye mgongo uleule, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, chukua ya katikati. Toa makato ya soko na posta. Kutoka Dar es Salaam, posta yenye namba ya kufuatilia inaweza kumeza faida yote ya pini ya dola tano, hivyo za bei ndogo ziuze kwa fungu.

Hali yake: kifungo cha nyuma kikipotea si hasara, weka kingine. Kioo kilichopasuka hakirudi, na bei huanguka vibaya. Sindano iliyopinda usiinyooshe kwa koleo, utang'oa risasi ya kulehemu iliyoishikilia. Na tafadhali, weka mbali dawa ya kung'arishia shaba: inakwangua mchovyo wa dhahabu na mnunuzi makini ataona papo hapo. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha. Wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, chumvi ya hewani huleta kutu ya kijani. Toa pini kwenye mifuko ya plastiki laini ya PVC, ziweke kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe vikichoka.