Mwalimu, hawa Meduse nao nisamehe?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Nkuhungu. Zamu ya usiku ikitulia husoma hadithi kwenye simu. Nimemaliza "Binti" ya Nnedi Okorafor. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anatoroka kwao alfajiri kwenda kusoma chuo kikuu kwenye sayari nyingine. Njiani viumbe waitwao Meduse wanavamia chombo na kuua wanafunzi wote. Anapona yeye na rubani tu. Baadaye tunaambiwa Meduse wana kisa: wasomi wa chuo hichohicho walimkata mkuu wao mwiba wakauweka kwenye maonyesho. Mwiba unarudishwa, wanapatana, na Meduse mmoja anapewa nafasi ya kusoma palepale chuoni. Mwalimu, nilikasirika hadi nikazima simu. Watoto wale walimkosea nani? Mwandishi anataka nimsamehe nani hapo?*

Marahaba, mwanangu. Hasira yako usiifukuze, hata mimi ninayo. Kitabu kile cha 2015 ni chembamba, na nadhani wembamba huo ndio uliowaponza marehemu: hawakukaliwa matanga. Heru, kijana ambaye Binti alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho jingine, anauawa mbele yake, na baada ya kurasa chache tumeshahamia kwenye mazungumzo ya amani. Kwetu hata mzee aliyejifia kwa uzee hupewa siku zake.

Ila ule mwiba umenikaa. Nilipokuwa bado nafundisha niliwahi kupeleka wanafunzi Kalenga, ng'ambo kidogo ya Iringa mjini. Safari nzima ni kelele na karanga, lakini mbele ya fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwenye kioo darasa lilinyamaza. Nikawaeleza: alijipiga risasi Julai 1898 Wajerumani wasimtie mkononi, nao wakakata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaamuru kirudishwe ndani ya miezi sita. Kikarudi 1954. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hakuuliza kitu, akasema, "Mwalimu, miaka yote hiyo walikuwa wanakiangalia nini?" Sikuwa na jibu. Niliposoma habari za mwiba uliowekwa kwa maandishi yake ya maelezo, sauti ya yule kijana ilinirudia.

Na mwaka huohuo wa 1898, huko London kilitoka kitabu cha H. G. Wells, "The War of the Worlds", cha watu wa Mars wanaoivamia Uingereza kwa mashine zao. Sura ya kwanza kabisa anawaambia Waingereza wenzake: kabla hamjawahukumu hawa, kumbukeni tuliyowatendea watu wa Tasmania, wenyeji wa kisiwa tulichokiteka. Kisha anawakimbiza barabarani na mabegi yao hadi mwisho wa kitabu. Wavamizi hawapigwi na jeshi, wanauawa na vijidudu. Wewe muuguzi utapenda hapo.

Sasa usije ukanitangulia ukasema, basi ni rahisi, Meduse ndio sisi na chuo ndio Wajerumani. Babu yangu asingekubali. Alikuwa Mgogo wa Mvumi, na habari za Mkwawa hakuzipata kwenye kitabu cha historia. Alizipata kwa baba yake, na zilikuwa habari za Wahehe wanaoingia Ugogo kuteka ng'ombe. Nyumbani tunasimulia kwamba alipoambiwa kichwa kimerudi, aliuliza neno moja: "Na ng'ombe?"

Kwa hiyo shujaa wa taifa zima, kwenye zizi moja la Mvumi, alikuwa ndiye kiumbe mgeni. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalofuta lenzake. Kukata kichwa cha maiti ni ushenzi hata kama mwenye kichwa aliwahi kukuibia.

Ukaniuliza nimsamehe nani. Mimi nasema usimsamehe mtu. Chuo kiliwakosea Meduse, kikawaomba radhi Meduse. Hilo deni limelipwa. Wazazi wa wale watoto hawamo kwenye chumba kile cha mapatano. Binti anaweza kupatana kwa niaba yake mwenyewe, basi. Kosa la kitabu, kwa macho yangu, ni kwamba kinafunga hesabu ya mwiba kana kwamba kimefunga na ya chombo.

Hata hivyo sioni urafiki wa Binti na yule Meduse aitwaye Okwu kuwa uongo. Mama yangu alipofariki, jirani yetu wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, Mhehe, alikuja msibani akajilaza mlangoni, akadai jeneza halitoki mpaka alipwe. Nikamwambia mbele ya watu, "Wewe rudisha kwanza ng'ombe wa babu, hata mkia." Watu wakacheka huku wanalia. Ng'ombe hawajarudi. Jirani yule ndiye aliyenishika mkono kaburini. Huo utani siwezi kuuita msamaha, maana madai yangu bado yapo na huwa namkumbusha kila Krismasi.

*Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha pili, anaandika hadithi ya viumbe kutoka angani wanaotua Dodoma. Amekwama: awafanye wema au wabaya? Baba mtu mzima, Chamwino.*

Ndugu yangu, mwambie awafanye wenye kiu. Watue Mzakwe, kwenye visima vinavyonywesha mji huu.

Zamani misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilifika Ugogo ikiwa imevuka nyika ya Marenga Mkali, ndimi zimekauka. Watemi wa Kigogo walidai hongo: nguo, shanga, waya. Stanley na wasafiri wenzake wa Kizungu wakaandika kwamba Wagogo ni wanyang'anyi. Wagogo hawakuandika kitu, lakini visima walichimba wao, na msafara wa mamia ya watu na punda ungeweza kukausha kisima kabla ng'ombe wa mwenyeji hawajanywa. Neno hongo leo limeharibika, tunalisikia mahakamani. Wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, ingawa sidanganyi, wapo watemi waliolifanya kuwa zito kupita kiasi.

Huyo kijana asianze na chombo kikubwa chenye taa, kila mtu anaanza na taa. Aanze na mama mwenye ndoo, amepanga foleni tangu saa kumi alfajiri, zamu yake imefika, na nyuma yake amesimama kitu asichokijua, nacho kimeshika ndoo.