Maswali yenu: Flagyl, msumari na gesi ya samadi

Maswali manne ya wiki hii hayafanani hata kidogo, lakini yote yamenipeleka kwa viumbe wanaoishi bila hewa na chembe za madini walizoficha ndani ya vimeng'enya vyao, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini.

Mwalimu, jino likiuma napewa Flagyl, mtoto akiwa na amiba anapewa Flagyl. Mbona mafua haitibu?

Mafua ni virusi, hapo hakuna mjadala. Utamu uko kwenye hilo jino. Chini ya fizi iliyovimba, kama ilivyo kwenye utumbo mpana, oksijeni haifiki, na bakteria wa huko hujipatia nguvu bila hiyo. Elektroni wanazovua kwenye chakula lazima zipate wa kuzipokea. Hapo ndipo vinapoingia vimeng'enya vyenye vifundo vya chuma na salfa: atomi nne za chuma na nne za salfa zimekaa kwenye pembe za kijisanduku, na elektroni hupita kutoka kifundo hadi kifundo kama matofali mikononi mwa vibarua. Mwenye kuzibeba ni protini iitwayo feredoksini, iliyotambuliwa Marekani mwaka 1962 ndani ya bakteria aitwaye Clostridium pasteurianum.

Metronidazoli, yaani Flagyl yenyewe, huingia kwa bakteria bila kudhuru. Feredoksini ikiipa elektroni, inageuka kitu kikali kinachokatakata DNA. Bakteria anajipikia sumu mwenyewe! Kwa bakteria anayetumia hewa, oksijeni huipokonya dawa ile elektroni, ikarudi ilivyokuwa. Amiba naye ana feredoksini, ndiyo maana dawa humuua. Habari ya fizi ilijulikana kwa bahati, London, mwaka huohuo wa 1962: mgonjwa aliyekuwa akitibiwa trikomonasi, kimelea cha sehemu za siri, alishangaa fizi zake nazo zimepona.

Nisieleweke kwamba umeze Flagyl kila tumbo likinguruma. Humo tumboni wamo bakteria wa aina hiyohiyo tunaowahitaji.

Nimekanyaga msumari mpya, hauna kutu. Kuna haja ya sindano ya pepopunda?

Osha kidonda kwa maji na sabuni, kisha nenda kituo cha afya leo leo. Watakuuliza ulichanjwa lini mara ya mwisho. Kutu inasingiziwa. Clostridium tetani, bakteria wa pepopunda, hulala udongoni na kwenye samadi kama mbegu kavu, akingoja kidonda chembamba chenye kina, pasipofika hewa. Hata mwiba unamtosha.

Sumu yake ni kimeng'enya chenye atomi moja ya zinki, jambo lililobainika mwaka 1992. Zinki hii haipitishi elektroni. Inashika molekuli ya maji na kuielekeza ikate protini fulani ndani ya neva. Ikishakatwa, amri ya kuilegeza misuli haitoki tena. Taya hukaza kwanza, halafu shingo, halafu mgongo.

Tumejaza mtambo wa biogesi. Siku ya kumi gesi inatoka lakini haiwaki. Fundi ametuibia?

Msimgombeze bado. Gesi ya mwanzo huwa ni hewa iliyobaki ndani pamoja na kabonidayoksaidi nyingi. Watengeneza methani, ambao kitaalamu si bakteria bali arkea, viumbe wadogo wa ukoo mwingine, huzaliana polepole. Kimeng'enya chao kinategemea nikeli iliyokaa katikati ya molekuli ya njano iitwayo F430, jina lililotokana na mwanga inaoufyonza, wa nanomita 430. Ukoo wake ni mmoja na klorofili ya majani na ile rangi nyekundu ya damu, jambo ambalo hadi leo hunifurahisha. Oksijeni ikiigusa nikeli hiyo, kazi inasimama.

Kwa hiyo acheni kufungua mfuniko kila asubuhi kuchungulia. Gesi ya kwanza itoeni nje, mbali kabisa na moto, maana methani iliyochanganyika na hewa hulipuka.

Ng'ombe wangu hapa Nakuru anakonda na majani yapo tele.

Mwite daktari wa mifugo umtajie madini ya kobalti. Bakteria wa tumbo la kwanza la ng'ombe huitumia kuunda vitamini B12, na upungufu wake umejulikana huko kwenu tangu enzi za ukoloni, hata ugonjwa ukaitwa Nakuruitis. Majani yanaweza kuwa mabichi na bado yasiwe nayo. Akithibitisha, chumvi ya kulamba yenye kobalti ni rahisi kuliko ng'ombe mwingine.