S.L.P. ya shemeji? Mkuu futa hiyo meseji sa hivi

Mkuu usitumie sanduku la ofisi ya shemeji yako. Mwandikie huyo mtu wako wa Ujerumani anayekutumia cheti sa hivi, kabla hajaenda posta, umwambie asubiri. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye daladala nikapitilizwa kituo kwa hasira.

Umeuliza cheti kitafika baada ya siku ngapi, posta wanaleta mpaka nyumbani au unafuata mwenyewe, hiyo namba inayoanza na RR maana yake nini, ushuru utalipa au hulipi, halafu mwishoni kabisa kama kitu kidogo ukachomekea "nitatumia S.L.P. ya kampuni anayofanya kazi shem, haina shida eti?" Ina shida. Hilo ndo swali lenyewe, hayo mengine mapambo.

Mimi nilisoma India. Narudi nyumbani cheti halisi bado hakijatoka, chuo wakasema tutakutumia, tupe anwani. Sanduku sina, na kijana gani siku hizi ana sanduku, nikamuuliza shemeji yangu, mume wa dada. Akanijibu kwa ile sauti ya mtu anayejua kila kitu kuanzia injini za magari mpaka ndoa za watu: "Andika jina lako, chini weka sanduku la ofisini kwetu, mbona barua za watu zinakuja pale kila siku." Hilo "kila siku" mpaka leo nalisikia nikilala.

Barua ikatumwa kwa rejista, yaani ile yenye namba ya kufuatilia na anayepokea anasaini. Namba yenyewe ni RR mbele, tarakimu 9, IN mwishoni kwa sababu imetoka India, yako itaishia na DE ya Ujerumani. Nikawa naifuatilia kwenye simu kama mechi ya watani. Imetoka India, imeingia Dar, imekuja mkoani, asubuhi moja nafungua nakuta imekabidhiwa. Nikampigia shem. "Haijafika bwana, labda kesho." Kesho yake labda Jumatatu, Jumatatu tarishi wa ofisini kwao yuko likizo, tarishi karudi anasema hajaona kitu, na mimi muda wote huo adui yangu ni posta. Niliwasema posta msibani, harusini, hata humu nilishawahi kuwafungulia uzi (msiutafute).

Baada ya miezi 8 nikaenda kaunta mwenyewe, nimevimba. Nikamkuta mama mmoja wa miwani, mpole, akaniacha niongee mpaka nikaishiwa, ndo akauliza, ilitumwa lini kaka? Nikamtajia. Akasema malalamiko ya rejista ya nje mwisho miezi 6 tangu itumwe, ni utaratibu wa posta za dunia, na kwa kawaida anayelalamika ni aliyetuma, kule kule alikotumia. Nikaanza kupandisha sauti. Hakubishana, akaenda nyuma akarudi na daftari, akashusha kidole mstari kwa mstari, akanigeuzia. Namba yangu ile ile, tarehe, saini, na pembeni muhuri wa kampuni ya shemeji, wino wa bluu, umepinda kidogo. "Sisi tulimpa mwenye sanduku."

Wakuu, niliomba maji.

Kumbe tarishi alikuja na kile kikaratasi wanachoweka kwenye sanduku ukiwa na rejista, akasaini, akapeleka mapokezi. Dada wa mapokezi akatafuta jina langu kwa wafanyakazi, hakuna, akaitupia kwenye boksi la barua zisizo na mwenyewe. Halafu ofisi ikahama jengo. Boksi likachomwa na makaratasi mengine. Cheti cha miaka 3 ya kula dengu hosteli kimechomwa nyuma ya jengo pamoja na risiti za mafuta.

Kupata nakala nyingine niliambiwa niende polisi nikachukue ripoti ya upotevu, niape kwa wakili, nilipe ada chuoni na nisubiri upya. Huku kuna kazi nilishapita usaili, wanataka cheti kikatambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwanza, na TCU huwezi kuwapelekea hadithi ya boksi. Kazi akapewa mwingine. Shemeji yeye alisema "pole, ndo maisha" akaongeza ugali. Dada yangu ndo kanizuia nisiandike zaidi ya hapo.

Kwa hiyo shika hili moja: kwa posta, mwenye sanduku ndiye mpokeaji. Jina lako pale juu ni salamu tu. Nani ana ufunguo, nani anasaini, nani anabeba mpaka kwenye meza ipi, ukishindwa kujibu hayo usiandike hiyo namba. Nenda posta ya karibu na kitambulisho, omba sanduku kwa jina lako, lipia mwaka. Mwaka ukiisha lipia tena, usije ukafungiwa barua ikiwa njiani. Na mtumaji aandike namba yako ya simu ya +255 chini ya anwani, isomeke, sio mwandiko wa daktari.

Kama masanduku yamejaa subiri, au nenda posta ya mtaa mwingine. Usiniambie "lakini shem wangu mimi ni mwaminifu". Wangu pia mwaminifu, na kanisani anahesabu sadaka!

Kuletewa nyumbani, kwa barua ya kawaida usikae mlangoni unasubiri. La ushuru na siku ngapi nimeshachoka kuandika, waliopokea kutoka Ujerumani watakuja. Na shem akikuomba ufunguo wa hilo sanduku jipya eti kuna barua yake moja tu inakuja, mwambie umepotea.